Samaki Ambao Hawakufika Harusini

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Richmond Hill nikaambiwa kwamba yule bwana wa samaki amefariki. Wasomaji wangu wa hapa Toronto waliowahi kuandaa shughuli wanamjua: mtu wa Mwanza, mwembamba, aliyefanya kazi kwenye mabwawa ya kufugia samaki kaskazini ya jiji. Ndiye aliyekuwa akituletea trauti, samaki wa maji baridi, wakiwa wazima na vichwa vyao, wakati maduka yakituuzia minofu mitupu. Nilikaa chini pale pale jikoni nikaona haya. Kwa miaka sita sikuwa nimemsalimu mtu huyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu alikuwa anaolewa Pickering, mwezi wa Mei, na wakwe ni watu wa ziwani. Kwao, karamu isiyo na kichwa cha samaki mbele ya baba wa bwana harusi bado haijawa karamu. Nami nilikwisha kujigamba kwenye kikao cha kamati kwamba samaki niachiwe mimi. Wiki moja kabla, bwana yule akaja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakataa kukaa.

"Kaka, samaki hawatoki. Waliugua, tukawapa dawa kwenye chakula. Siku zao hazijaisha."

"Si ulisema mwisho wa Aprili zitakuwa zimeisha?"

"Nilikosea mimi, nisamehe. Nilitegemea maji yatapata joto. Baridi imegoma kuondoka, na kwenye maji ya baridi dawa hukawia mwilini. Sheria inataka tungoje zaidi."

Siku hizo ndizo zilizokuwa kazi yake. Daktari wa mifugo huandika cheti, dawa hupimwa, kisha mtu mmoja huandika daftarini bwawa lipi limepewa nini, na joto la maji kila asubuhi. Mpaka siku zitimie, samaki wa kuliwa haruhusiwi kutoka. Nilimwambia kwamba nyumbani tulikula sangara maisha yetu yote na hatukuuliza chochote. Akanijibu kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi: "Mezani kwako watakaa wajawazito na watoto, kaka. Hawatauliza, kwa sababu wanakuamini. Ndiyo maana lazima nijiulize mimi."

Tukala kuku. Baba wa bwana harusi alitabasamu kwa adabu, nami nikajiona nimevuliwa nguo hadharani. Mwezi wa Julai bwana yule akaleta kasha la barafu lenye trauti kumi na wawili. "Mwambie kaka siku zimetimia," alimwambia mke wangu. Nikawagawa wote kwa majirani, sikuonja hata mkia. Hasira hasara, nami msemo huo niliujua tangu darasa la pili. Tangu hapo, tukikutana kanisani, nilikuwa nageuza shingo na kusoma matangazo ukutani.

Huku ugenini tunapenda kulalamikia kanuni. Kila kitu kina fomu, kila fomu ina sahihi, hata samaki ana cheti cha daktari. Lakini nimewaza wiki hii yote kwamba kanuni hulala karatasini tu mpaka apatikane mtu anayekubali kuchukiwa kwa ajili yake. Yeye alikubali, tena akachukiwa na rafiki aliyekula samaki wake miaka mingi bila kuumwa tumbo hata mara moja.

Jumamosi nilikwenda kuzika. Baadaye, ukumbini, mjane wake alikuja hadi nilipokaa na sahani yenye kichwa cha trauti.

"Kabla hajafa alisema ukija kumzika, hiki ni chako."

"Na nisingekuja, shemeji?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, tumngoje, maji yake ni ya baridi."

Nilikila chote, machozi yakinitoka mbele ya watu. Yeye alijua jambo la kungojewa na kwa nini lingojewe. Mimi nilichelewesha neno moja la kuomba radhi, ambalo halikuhitaji kungojewa hata siku moja.