Hoteli ya Mama na Mlango wa Wakwe

Mama yangu alifungua hoteli Tunduma kwa sababu ndugu zake wote walikuwa wanapita pale. Hoteli kwetu ni nyumba ya kula, si ya kulala: benchi, meza, mafiga na mpishi mwenye subira. Enzi hizo za Mwingereza, kila mwanamume wa Mbozi aliyekwenda migodi ya shaba ng'ambo, au aliyerudi kutoka huko, ilimbidi akanyage vumbi la boda. Mama alizaliwa katika nyumba ya mabinti watupu, nao wakazaa mabinti, na mabinti hao wameolewa pande zote mbili za mpaka. "Nani atakula kwa mgeni," alisema, "na mimi nipo?"

Baba alikuwa amefariki, na baba mdogo ndiye aliyesimamia kahawa yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa mama mavuno ya msimu mmoja ajengee, ila kwa sharti: mvua za kwanza zikinyesha na hoteli bado haijasimama kwa miguu yake, mama arudi Mbozi akakae kwenye mji wa huyo shemeji yake, alelewe. Mama alimshukuru kwa magoti yote mawili. Tulipofika njiani akaniambia, "Kulelewa na shemeji ni kuomba chumvi ya kila mboga. Mimi nataka jiko langu." Nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa, mwenye mdomo mrefu kuliko mwiko, nikafuatana naye niwe mhudumu.

Tukapika. Ugali wa ulezi, maharage yaliyoungwa karanga, na siku za malori mengi, kuku. Wakapita watu wa kila namna, na wachache wakaingia. Lakini wale wa kwetu, wale hasa tuliowajengea, walikuwa wakifika karibu na mlango wanashusha kofia hadi puani, wanavuka barabara, wanakwenda kutafuna skonzi kavu kwenye duka la pili. Nilifura. Nilisema migodi imewapandisha kichwa, kwamba wakishavaa viatu ugali wa ulezi unawatia aibu. Mama alionja mchuzi upya, akaongeza chumvi, akapunguza chumvi. Haikusaidia kitu, na joto la kabla ya mvua lilikuwa limeshaanza.

Siku moja mama alikuwa anarudi kutoka kisimani na mtungi kichwani, mimi nyuma yake. Mbele yake akatokea bwana mmoja aliyevaa suti na tai, mkononi sanduku jipya la bati. Alipomwona mama, akatupa sanduku katikati ya njia, akakimbilia porini, akajibanza nyuma ya kichuguu. Nikadhani ni mwizi. Nikaokota gongo.

"Usinipige, shemeji!" akapiga kelele kutoka kichuguuni. "Nimemwoa binti wa mama yako mkubwa! Nisalimie mama mkwe, mwambie sijamwona!"

"Hujamwona, na suti yote hiyo umeipaka udongo?"

"Shemeji, nina njaa. Tangu juzi nakula mikate tu. Harufu ya yale maharage inaniua, lakini nitaingiaje?"

Nikaangusha gongo, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kwetu mwanamume haonani na mama mkwe wake, sembuse kula mbele yake. Akimwona njiani, mmoja wao aingie majanini. Na mkwe si mume wa binti yako peke yake: mume wa binti wa dada yako ni mkwe, ndugu zake ni wakwe, hata rafiki aliyemsindikiza kwenda kuposa ana haya zake. Mama, katika kuhesabu ndugu, alikuwa amehesabu wateja ambao hawawezi kumtazama. Sisi tuliolelewa na haya hizo hatukuzikumbuka, kwa kuwa wakwe tulikuwa tumewaita wateja!

Mama hakucheka papo hapo. Tulipofika hotelini alitua mtungi, akakaa kwenye kizingiti. Nilimwonea huruma sana, maana nilijua anaona paa la baba mdogo. Kisha akaniuliza, "Kwenye misiba, wakwe wanakula wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Na chakula kinapikwa na nani?"

"Na nyie akina mama wakwe."

"Basi kesho tukate matete."

Tulikata matete, tukasuka ukuta katikati ya hoteli, tukatoboa mlango wa pili upande wa nyuma, unaoelekea njia ya porini. Chini ya ukuta tukaacha tundu la kupitisha sahani, mkono uonekane, uso usionekane. Yule wa kichuguu ndiye aliyeingia wa kwanza, suti ikiwa bado na udongo. Alikula akaguna kwa raha, na mama upande wa pili akatabasamu kwenye sufuria.

Habari zikavuka boda kabla ya jua kutua. Wakaja! Wakwe wa Mbozi, wakwe wa Nakonde, hata watu wasio wakwe wa yeyote waliopenda kukaa nyuma kwa sababu ndiko vicheko vilikokuwa. Shemeji na shemeji ni watani, na mimi nilikuwa shemeji wa nusu ya nchi. Niliwasema kwa ulaji wao, kwa mashati yao, kwa wake zao niliowajua tangu wakiwa na kamasi. Mkwe kula cha mama mkwe na kuondoka mikono mitupu ni fedheha, kwa hiyo juu ya malipo waliacha sukari, sabuni, mara nyingine kitambaa. Sijapata kufurahi kazini namna ile tena.

Upande wa mbele nako alikuwepo mmoja wa kwetu asiye mkwe wetu, dereva wa lori la kahawa. Kiti chake kilikuwa kando ya mafiga, akipiga soga na mama tangu anafika hadi injini ipoe. Mama alimpenda kama mwanawe. Siku moja alinikuta kisimani, akasema anataka kunioa, nimjibu. Moyo ulikubali, lakini mdomo ni ule ule. Nikamwambia, "Kwanza ujue pa kukaa." Akaondoka ananikodolea macho.

Mvua za kwanza zikaja, na baba mdogo akaja nazo, baiskeli yake ina kamba ya kufungia mizigo ya mama. Tulimkalisha mbele. Akatazama benchi zilizojaa, akasikiliza kelele za nyuma ya matete, akala. Mara lori likasimama. Dereva akatokea mlangoni ameloa chapachapa.

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Kiti chako hicho."

Hakukaa. Alivua kofia, akainamisha uso, akarudi nje kwenye mvua. Mama alishtuka, akaniuliza tumemkosea nini. Ndipo tukasikia mlango wa nyuma, na wakwe wote wakapiga kelele ya kumkaribisha.

Mama akashika upindo wa kanga, akajifunika uso. Mabega yake yalitikisika, sikujua kama analia au anacheka. Alipofunua, vyote viwili vilikuwemo. Akaopoa firigisi, ambayo kwetu haipewi mtu hivi hivi, akaiweka juu ya sahani.

"Mpelekee. Na usimtazame sana, watu wanakula." Kisha akayaambia mafiga, "Sasa nitapiga soga na nani?"

Nyuma ya matete mtu akakohoa kwa adabu.

Baba mdogo alinawa mikono taratibu. Akaichukua ile kamba aliyokuja nayo, akaizungusha kiunoni.

"Shemeji," akamwambia mama, "mimi narudi peke yangu. Zizi langu ni dogo, inabidi nilipanue kabla ng'ombe wa mahari hawajafika."