Nilitoa Vialama, Nikafuta Sauti ya Mke Wangu

Mjinga ni mimi. Nasema mapema ili msihangaike kunitetea.

Taabu zangu zilianza 1975, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, nikaacha shule darasa la tatu, nikabeba mbao Njombe mpaka bega likaota sugu. Tangu hapo sikubali kuelekezwa na mtu. Kiburi hicho!

Nauza miche ya parachichi Makambako. Kompyuta ya dukani imejaa matangazo ya kupiga kwenye spika siku za mnada. Nikataka kuyafuta, kipanya kimekufa. Binti yangu aliyeko Dodoma akanitumia amri ya kuandika kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ifute folda ya "Sauti za matangazo". Jina hilo alilizungushia alama za fungua na funga semi, zile za mojamoja, alivyozoea kwenye kompyuta ya kazini kwake.

Yangu ikakataa. Nikampigia.

"Baba, dirisha lako ni la aina nyingine, nadhani linataka alama za mbilimbili. Usiguse kitu, nikitoka kikaoni nakupigia."

"Nikusubiri wewe? Nimekuogesha kwenye beseni mimi!"

"Baba, nakuomba."

Nikakata. Vialama vyenyewe kama mavi ya nzi! Nikavitoa vyote, nikabonyeza.

Kumbe vile ndiyo kamba ya tita la kuni! Bila kamba, mashine ikayachukua maneno matatu kama folda tatu. "Za" haikuiona. "Matangazo" haikuiona. "Sauti", folda nyingine kabisa, ikaiona, ikaifuta, wala haikupitia kapu la taka.

Jamani! Ndani ya "Sauti" alikuwamo marehemu mke wangu. Alijirekodi akiwa kitandani, anawaimbia wajukuu kwa Kibena, anamwita kila mmoja kwa jina. Simu aliyorekodia niliiuza. Mpumbavu mara mbili!

Binti akapiga. "Baba, umefuta ipi?"

Nikaitukana mashine, nikamtukana na yeye. Akaniacha nimalize.

"Yule alikuwa mama yangu, Baba."

Mpaka leo salamu zake napewa na kaka yake.

Wazee wenzangu, mtoto akikwambia subiri, subiri! Toa mikono mezani! Kitu usichojua kazi yake usikiondoe, hata kikiwa kidogo kama kiroboto!

Nina kitalu Lyamkena. Nyumba mbili, moja iko mtaa wa Ramadhani, Njombe. Fuso moja. Ng'ombe wanne. Na matangazo yangu ya miche, yote yapo, halijapungua hata moja.