Wameshatimia

Kabla ya kwenda kambini, binti yangu hakujua kwamba hana rafiki. Baba yake ndiye aliyelisema kwanza, nami nilimkatalia kwa muda mrefu. Siku hizi sina tena nguvu ya kukataa.

Alikuwa na miaka tisa. Akirudi shule alivua sare, akala, akaenda kukaa kibarazani na kuku wetu. Aliwajua kwa sauti zao. Angekwambia yupi anataga, yupi anakaribia kuatamia na yupi anajifanya tu, na akishaanza hakujua mahali pa kuishia. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Kihonda, kwa hiyo wageni hawakosi. Mteja akiingia, mtoto alimsogelea hadi pua zinataka kugusana, akamweleza habari za kuku kabla hata ya kumwamkia, mpaka yule mtu anaanza kunitazama mimi kwa jicho la kuomba msaada.

Hospitalini walituambia ana usonji, wa kiasi. Akili haina shida na masomo anashika, ila yale mambo ambayo watoto wengine huyaokota wenyewe, yeye itabidi afundishwe moja baada ya jingine: umsogelee mtu kiasi gani, unyamaze lini, utajuaje kwamba mwenzako amechoka kukusikiliza. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyetuambia kwamba kuna kambi ya likizo ya mwezi wa sita, juu kule Mgeta, kwenye majengo ya misheni, ambako watoto wa namna hii hufundishwa kuishi na wenzao. Hawakuwa wa usonji peke yao. Walikuwemo wenye aibu ya kupitiliza, wenye kigugumizi, na wale ambao tangu wafiwe hawakutaka tena kusema na mtu.

Mama mkwe wangu hakulipenda jambo la misheni. Akaniuliza mtoto ataswali wapi na atakula nyama iliyochinjwa na nani. Nikampigia simu sista aliyesimamia jiko, naye akanieleza kwa upole kwamba watoto wa Kiislamu wana chumba chao cha kuswalia na mchinjaji ni jirani yao, Mwislamu. Mama mkwe akasema basi, lakini apewe sweta mbili, maana kule juu ni baridi.

Siku ya kumpeleka tulipita Mlali, tukaanza kupanda, na ukungu ukatukuta kwenye kona za mwisho. Mwanangu alikuwa akinihesabia kuku wa watu waliokuwa wakidonoa kando ya barabara. Tulipofika alishuka, akaangalia bustani za kabichi na njegere zilizoning'inia kwenye miteremko, akauliza kuku wako wapi. Mwalimu wa kambi, dada mmoja kijana aliyejifunga kanga juu ya koti, hakumjibu kwanza. Alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono, akamwambia, "Ukiwa mbali na mimi kiasi cha mkono huu, nakuona vizuri zaidi. Sasa niambie, umeamkaje?" Mwanangu akautazama ule mkono, akajipima, naye akarudi nyuma. Akasema ameamka salama. Sikuwahi kumsikia akijibu salamu ya mtu kabla ya kutaja kuku.

Sikuwepo katika siku zile, kwa hiyo ninayoyajua ni ya kusimuliwa. Asubuhi waliketi duara wakajifunza jambo moja, na siku nzima wakalifanyia mazoezi katika kazi za kawaida. Walimenya viazi wawili wawili. Waliosha vyombo, mmoja anasugua na mwenzake anasuuza, na lazima muulizane kama mmechoka. Walifundishwa namna ya kuomba kuingia mchezoni: simama pale unapoonekana, ngoja mchezo upumue, salimia, kisha useme, "Naomba kucheza na nyie." Mwanangu aliambiwa kwamba ya kuku ni mazuri, ila ayaeleze akiulizwa, na akieleza kidogo anyamaze amtazame mwenzake usoni aone kama anataka zaidi.

Huko ndiko alikompata rafiki yake. Alikuwa mtoto wa kike kutoka Mkuyuni, mkubwa kwake kidogo, mwenye kigugumizi kizito. Kwao wanalima mananasi na ndizi. Shuleni kwake alikuwa ameacha kabisa kusema, maana kila akifungua mdomo darasa zima lilimwigiza. Nadhani ilikuwa rahisi kwao kupatana. Mmoja alikuwa na maneno mengi na hakumharakisha mtu, mwingine maneno yalimtoka kwa shida na alihitaji mtu wa kungoja. Mwalimu aliniambia kwamba mwanangu hakuwahi kummalizia sentensi. Alimngoja tu, akimtazama mdomo, mpaka neno litoke.

Siku ya mwisho wazazi tuliitwa kushuhudia. Watoto walicheza rede uwanjani, mpira wa soksi ukiruka kwenye ukungu, na binti yangu alikuwa katikati akikwepa, wenzake wakipiga kelele jina lake. Jina lake, kwa sauti za watoto wenzake. Baba yake alikuwa amesimama pembeni yangu na aligeuka kuangalia milima ili nisimwone uso. Mama wa yule mtoto wa Mkuyuni alikuwa upande wangu wa pili, hatukuwa tunajuana, na tulijikuta tumeshikana mikono kama ndugu waliopotezana. Tulipeana namba za simu pale pale.

Nyumbani alirudi na hamu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Jioni ile ile aliwaacha kuku, akatoka kwenda mbele ya nyumba ya jirani, ambako wasichana wa mtaa huwa wanacheza rede. Mimi nilikuwa kwenye cherehani dirishani. Nikamwona anasimama pale anapoonekana. Akangoja mchezo upumue. Akasalimia, akasema alichofundishwa, na mikono yake ilikuwa imetulia ubavuni kama ya askari. Wale wasichana wakatazamana. Mmoja akamjibu kitu, mchezo ukaendelea.

Aliporudi nilimuuliza ikawaje.

"Wameshatimia, mama," akasema. "Labda kesho hawatatimia."

Kesho yake walikuwa wametimia tena. Na kesho yake. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemsukuma. Walimwambia tu kwamba wametimia, naye akashukuru kama alivyofundishwa, akarudi. Mara nyingine, kabla hajafika mlangoni, aliingia msichana mwingine akapokelewa bila kuomba chochote, na mwanangu akaliona hilo. Alisimama akalifikiria. Kisha akaja kuniuliza kama kuna neno alilisahau.

Nilimwendea jirani yangu. Ni mwanamke mwema, tumezikana na tumeozeana. Nilimweleza polepole kwamba mtoto amefundishwa, amebadilika, anaomba tu nafasi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia ukweli wake. Alisema angeweza kuwaamuru wamwingize, na wangemwingiza, lakini yeye mwenyewe akigeuka tu kuingia ndani wangehamia kwingine kucheza, na mtoto angeumia mara mbili. "Kumlazimisha mtu ampende mtu siwezi," akasema. Sikumkasirikia. Nilirudi nikaendelea kupinda suruali ya mteja, na nikaipinda upande mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mwalimu wa kambi nilipompigia alisema tumpe muda. Aliongeza, kwa sauti iliyopungua, kwamba wao wanawafundisha hawa watoto namna ya kubisha hodi, ila wale walio ndani hakuna anayewafundisha kufungua.

Kilichombakia ni simu. Kila Ijumaa mchana nilimpigia mama wa Mkuyuni, tukaongea kidogo, kisha tukawapa watoto. Mwanangu alishika simu kwa mikono miwili. Aliuliza swali moja, akangoja, na kimya kile cha kungoja neno la rafiki yake litoke kilikuwa ndio wakati ambao uso wake ulipumzika. Baadaye simu zikaanza kuwa fupi. Mara mwenzake ameenda kisimani, mara yuko kwa jirani anacheza. Mwanangu alilipokea hilo bila wasiwasi. Alisema rafiki yake ana kazi nyingi, na kwamba likizo ya mwisho wa mwaka tukienda atakuwa amezimaliza.

Likizo ilipofika tulikwenda. Nilimshonea gauni la maua ya njano, na akabeba mayai ya kuku wake kwenye kikapu, kila yai limefungwa kwa kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki yangu. Mkuyuni ilikuwa siku ya soko. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mananasi yamepangwa juu ya magunia, matope yamejaa kila mahali. Mama wa rafiki yake alikuwa kwenye meza yake, akatupokea kwa furaha ya kweli, akatuonyesha kwa kidole alipo binti yake: pale kwenye kibanda cha vitumbua, na wasichana wengine wawili.

Mwanangu alikimbia. Yote aliyofundishwa, kusimama mbali, kungoja, kusalimia, yalimtoka kwa furaha. Alimkumbatia rafiki yake kwa nguvu, hakumwachia. Mayai alikuwa amenipa mimi, nilikuwa nakuja nyuma, kwa hiyo niliona na nilisikia kila kitu. Wale wasichana wawili walicheka. Mmoja akauliza, "Huyu nani?"

Yule mtoto alimtazama mwanangu. Alinitazama na mimi. Midomo yake ikashikana kama zamani, na mwanangu akamwachia kidogo, akakaa kumngoja neno, akimtazama mdomo.

"Si-simjui," akasema. "Ni mgeni wa mama."

Wakaondoka watatu, wameshikana mikono.

Mama yake alikuwa amesikia. Aliacha meza yake akatoka mbio na ufito aliokuwa akifukuzia mbuzi, na nilimzuia kwa nguvu kwa sababu sikutaka mtu yeyote apigwe siku ile. Alitupeleka nyumbani kwake. Alitupikia wali na mchicha wa nazi, na muda wote alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga, akisema kwa lafudhi yake ya kimlimani nimsamehe, nimsamehe. Mwanangu alikula vizuri, akashukuru, akaomba kwenda kuangalia banda la kuku.

Alipotoka, yule mama akaniambia, "Dada, wale wawili ndio waliokuwa wanamwigiza. Mwaka mzima walikuwa wanamwita redio mbovu. Sasa wamemkubali, na anaogopa hata kupumua mbele yao." Nikamwambia ninaelewa. Nilikuwa ninaelewa kweli. Kama binti yangu ndiye angepata wale wawili, ningemwombea Mungu asiwapoteze, na sijui ningemlaumu vipi kwa namna ya kuwalinda.

Yule mtoto alirudi kabla hatujaondoka. Alileta sahani ya nanasi lililokatwa, akaiweka mbele ya mwanangu, akasimama. Alijaribu kusema. Safari hii mwanangu hakumngoja. Alisema, "Asante, nimeshiba," akaja kusimama karibu nami.

Tulingoja gari kandokando ya barabara, chini ya paa la duka lililofungwa. Mvua ilianza tena. Nilikuwa natafuta la kumwambia, na kila nililolipata lilikuwa la uongo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama, yeye amejifunza vizuri kuliko mimi."

Nikamuuliza kujifunza nini.

"Kuwa na marafiki. Kambini nilikuwa mbele yake. Mwalimu alisema. Sasa yeye amenipita."

Hakuwa analia. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyoeleza kuhusu kuku aliyeatamia mayai na hakuna lililoanguliwa. Mimi ndiye niliyelia, na alinipa kipande kimoja cha kitambaa chake nijifute.

Mwaka uliofuata kambi walituita tena. Alikataa kwenda. Alisema kule wote wanakubali kwa sababu mwalimu yuko, na huku mwalimu hayuko. Baba yake akasema, siku hiyo ndipo aliposema, kwamba tulimchukua mtoto aliyekuwa ameshiba tukamwonyesha chakula cha watu. Tuligombana. Nilimwambia angekuja kujua tu siku moja, kila mtu hujua, na afadhali alijua akiwa ameonja. Hata leo sijui nani kati yetu alikuwa na haki. Uwanja ule wa rede, na jina lake kwenye sauti za wenzake, nisingekubali kuurudisha. Lakini aliyekuja kuulipia ni yeye.

Sasa yuko sekondari. Anasalimia vizuri, anasimama mahali pake, watu wazima wanamsifu kwa adabu. Kuku bado anao ila hasimulii habari zao. Mchana akirudi ananisaidia kutia vifungo, na wasichana wakipita nje wakicheka huwa anainua kichwa kidogo, kisha anarudi kwenye kazi.

Mama wa Mkuyuni na mimi hatukuachana. Hunipigia karibu kila wiki. Nilipofiwa na mama mkwe alikuja akakaa hadi arobaini ikapita, na mwezi wa mfungo huniletea mananasi ya futari. Tunacheka sana kwenye simu, kwa mambo ya kijinga tu, ya soko na ya waume zetu.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nimemaliza kuongea naye, bado natabasamu. Binti yangu alikuwa ameketi mkekani na gauni la mteja mapajani, akinitazama kwa muda.

"Mama," akasema, "wewe ulifanyaje mpaka ukampata?"

Nikafikiria. Nikakumbuka kwamba tulishikana mikono kabla sijajua hata anakotoka, na hakuna aliyekuwa amemwomba mwenzake chochote. Singeweza kumwambia hivyo.

"Sijui, mwanangu," nikamjibu.

Alingoja kidogo, akinitazama mdomo, akidhani kuna neno linakuja. Lilipokosa kuja aliinama akaendelea kushona, nami nikawasha taa kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia ndani.