Anayepiga Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Jua linazama. Mama Taa anagonga mlango wa ghorofa ya tatu. "Hodi," anasema, anasubiri kidogo, kisha anafungua kwa ufunguo wake. Ndani hakuna mtu. Tangu jengo limalizike, hajawahi kuishi mtu humo.

Ndiyo kazi yake. Kila jioni huwasha taa, hufungulia mabomba yasishike kutu, na huvuta mapazia nusu, ili wanunuzi wadhani majirani wamejaa. Kwa nje jengo linapendeza. Ukiwa ndani nywele zinakusimama: viti bado vimevikwa nailoni, na maji yanatiririka jikoni kana kwamba kuna mtu anaosha vyombo.

"Hodi sipigi kwa adabu tu," ananiambia mimi mwandishi, akicheka kidogo. "Jiko langu lilikuwa hapa chini. Walipobomoa nyumba za zamani wajenge ghorofa hili, wenye nyumba walilipwa. Sisi wapangaji tukaambiwa poleni."

Alihangaika kutafuta chumba, lakini kila mahali walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa kipato cha kuungaunga, angeipata wapi? Majirani zake wengi waliishia kulala vibarazani mwa maduka. Yeye alipata kazi hii, na stoo ya kulala chini ya ngazi.

Mwezi uliopita alipiga hodi ghorofa ya tano. Sauti ikajibu, "Karibu."

"Nilitaka kukimbia, lakini nikachungulia kwanza," anasema.

Alikuwa fundi cherehani, jirani yake wa zamani, amekaa sakafuni na mama yake mgonjwa. Mafundi rangi walikuwa wamesahau kufunga mlango wa nyuma.

"Shoga, usituseme," fundi alimwambia. "Mvua imetuchosha."

Hajawasema, na taa yao haiwashi, wasionekane kwa nje. Meneja ameshauliza kwa nini dirisha moja halina taa, naye akajibu balbu imeungua. Akigundulika, kazi na stoo vyote vinakwenda.

Jumanne halmashauri inasikiliza maoni kuhusu pendekezo jipya: nyumba ikikaa tupu zaidi ya mwaka, mwenyewe atozwe kodi ya ziada, au aipangishe kwa bei nafuu, mwezi kwa mwezi. Mama Taa anataka kusimama aseme anachokijua.

Namuuliza, si atafukuzwa?

"Watanifukuza, najua. Lakini nimechoka, mwanangu. Wasiokuwepo nawawashia taa, waliopo nawaambia wakae gizani. Andika hivyo hivyo."

Tunafika ghorofa ya tano. Anapiga hodi. Mtu anakohoa, kisha anaitikia taratibu. Mama Taa anagusa swichi bila kuibonyeza.

"Jumanne nikirudi," ananong'ona, "hata kama ni kufuata nguo zangu tu, nitapanda kwanza huku niiwashe na hii."