Tarishi, Punda na Sufuria

Mtaa mzima ulimwita Nyoosha, kwa sababu hakuna mkunjo uliowahi kuishinda pasi yake. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Shule aliiacha angali mdogo, na tangu hapo herufi zikawa kama kuku wa jirani: akizikaribia tu, zinatawanyika.

Msimu wa baridi ulipoanza, binti yake alimwekea kitu kwenye simu.

"Baba, hiki ni kitabu. Kinasomwa, wewe unasikiliza."

"Kitabu cha kusikiliza? Basi nitengenezee na chai ya kutazama."

Hata hivyo alikifungulia, maana kazi zilikuwa nyingi na chumba kimya. Sauti ya mwanamke ikaanza kusimulia habari za tarishi mmoja aliyepanda milimani na punda wake, akimtafuta mwenye barua, ambaye kila tarishi akifika anaambiwa amekwisha kuhama. Nyoosha alipiga pasi shati lile lile mara tatu bila kujua.

Siku ya pili mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua koti lake. Akiwa mlangoni akasikia dobi anapiga kelele peke yake: "Shika kamba, we mjinga! Shika kamba!"

"Kuna nini, mzee?"

"Punda anateleza darajani!"

Mwalimu akatazama huku na huku, punda hayupo. Alipoelezwa, akavuta kigoda akae dakika tano tu. Aliondoka saa mbili baadaye, koti akalisahau pale pale.

Mkewe Nyoosha naye akaanza kuona mambo. Mume anacheka na simu, na ndani ya simu kuna mwanamke mwenye sauti ya asali. Akaja na bakuli lake la njegere, akaketi karibu na pasi kama mtu aliyefuata joto tu.

"Huyo anayekuchekesha ni nani?"

"Msomaji."

"Hebu asome nimsikie."

Njegere ziliisha kumenywa, yeye hakuondoka. Tangu siku hiyo wakawekeana sharti: hakuna kusikiliza bila mwenzio. Lakini asubuhi moja mkewe akacheka kabla mzaha haujafika. Nyoosha akaiweka pasi chini.

"Umetangulia!"

"Mimi? Nimekumbuka kitu tu."

"Umetangulia, mke wangu! Umekula sura nzima nikiwa nimelala!"

Akakiri huku akifuta machozi ya kicheko, akahukumiwa kurudia sura yote bila kusema neno.

Sura ya mwisho waliiweka hadi Jumapili. Walikwenda uwanja wa nyasi nje ya mji, wao wawili, binti yao na mjukuu wa kike wa miaka saba aliyevalishwa masweta mpaka mikono haikunjiki. Ukungu ulikuwa umelalia nyasi. Walicheza mpira hadi Nyoosha akaomba poo, wakawasha moto, wakafukia viazi kwenye makaa, wakajifunika blanketi moja wote wanne. Ndipo simu ikafunguliwa. Tarishi akabisha hodi nyumba ya mwisho. Mlango ukafunguka...

Kimya. Simu imezimika kwa baridi.

"Babu, malizia wewe," mjukuu akasema.

"Mimi? Mimi ni dobi."

"Malizia!"

Macho ya wote watatu yakamganda, hata ya mkewe. Nyoosha akakohoa, akaanza polepole. Mlangoni, akasema, alisimama bibi kizee mkali. Akaipokea barua, akaichana, akaisoma, uso ukamwiva. Barua yote ilikuwa na mstari mmoja: "Nirudishie sufuria yangu." Bibi akafoka kwamba sufuria ile ni yake tangu ujana, akaketi kuandika jibu, na tarishi maskini akageuza punda kuanza safari upya. Hapo punda akalala chini, akagoma.

Mkewe alicheka hadi kiazi kikamtoka mkononi. Binti alijitupa kwenye nyasi zenye umande. Mjukuu akataka arudie hapo punda anapogoma, mara nne.

Jioni, nyumbani, simu ilipopata moto wakasikiliza mwisho wenyewe. Mvua ilikuwa imeyafuta maneno yote ya barua, na mwenye barua akaikumbatia karatasi tupu. Ulikuwa mwisho mzuri, wa kuuma moyo.

"Wa babu ndio wenyewe," mjukuu akasema.

"Mwandishi hakuwa na sufuria," mkewe akaongeza, "ndiyo kasoro yake."

Nyoosha akaona haya, akainama kufunga viatu ambavyo alikwisha kuvivua.

Jumanne asubuhi mwalimu alimkuta Nyoosha mlangoni, kabla hajafungua kufuli. Alikuwa na habari tayari. Mjukuu ni mwanafunzi wake, na jana yake alimsimulia darasani.

"Mzee, koti liache. Hebu nipe kwanza ile ya sufuria."