Mianzi ya Ukingoni

Nilikuwa nikiishi Kitale, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, na kazi iliyonilisha ilikuwa kuandika kumbukumbu za mikutano. Kamati ya mto ilitafuta mtu wa kuandika Kiswahili kinachosomeka, kwa sababu kumbukumbu za awali ziliandikwa kwa lugha ya ofisini na wakulima walizitia sahihi bila kujua wamekubali nini. Kamati yenyewe ilikuwa ya pamoja: ofisi ya maji, ofisi ya misitu, chifu, wakulima wa ukingoni na wafyatua matofali. Mto hushuka kutoka upande wa Kitale, ukapita Bungoma, ukaishia ziwani. Huko ziwani, tuliambiwa, kulikuwa na kamati nyingine kama yetu, inayojaribu kuzuia ufuo usijae tope. Tope hilo lilitoka kwetu.

Mkutano ninaoukumbuka zaidi ulifanyika katika ukumbi wa kanisa karibu na Mabanga, wakati wa kiangazi. Kabla ya kukaa tulishuka kwanza mtoni kupima ukanda wa ukingo usiotakiwa kulimwa. Ofisi ya maji ilitaka kupima kuanzia pale mafuriko hufika. Ofisi ya misitu ilitaka kuanzia pale maji yalipokuwa siku hiyo. Afisa wa maji, mwanamke mrefu aliyevaa gambuti, alishika ncha moja ya utepe. Afisa wa misitu alishika nyingine. Kwa muda mrefu hakuna aliyesogea. Maji yalipita kati ya mawe, mepesi, ya rangi ya chai ya rangi.

"Amueni basi, wakubwa," mfyatua matofali mmoja akasema. "Mto wenyewe si unaenda tu."

Wakakubaliana kupima kutoka alama ya mafuriko. Vijiti vikapigwa, na mstari wavyo ukapita upande wa juu wa shamba la nyasi za nepia la mama yangu mdogo, ukaliacha lote upande wa mto.

Mama mdogo alikuwa mjane. Nepia ile ndiyo iliyolisha ng'ombe wake wawili, na maziwa ya hao wawili ndiyo yaliyoendesha nyumba yake. Alisimama kando ya vijiti, mikono imefungwa kifuani.

Ukumbini, afisa wa maji alisoma kanuni mpya. Ndani ya vijiti hakuna kulima. Kila mwenye ukingo atapewa miche, na atakayeipanda kwa mikono yake ataandikwa katika daftari la kamati kuwa mtunzaji wa kipande hicho. Mtunzaji peke yake ndiye ataruhusiwa kukata majani ya ng'ombe hapo, au kumruhusu mwingine. Alieleza kwamba walifikiria sana maneno "kwa mikono yake". Walitaka wanawake, ambao ndio hufanya kazi ya ukingoni, waingie daftarini badala ya waume na mashemeji zao.

Maafisa wote wawili walikuwa wametoka mbali, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kwetu mwanamke hapandi mti. Anayepanda mti ametangaza kwamba udongo ule ni wake. Mwanamke akiupanda mumewe akiwa hai, watasema anamtakia kifo. Akiupanda akiwa mjane, watasema anawanyang'anya ndugu za marehemu. Mimi nilijua hayo, lakini kazi yangu ilikuwa kuandika. Nikaandika kanuni kama ilivyosomwa.

Shemeji yake mama mdogo, kaka wa marehemu, akasimama akiwa ameshika kofia.

"Hakuna shida. Mimi nitampandia."

"Kisha mtunzaji ataandikwa nani?" afisa wa maji akauliza.

"Si umesema mwenye kupanda? Mimi. Yeye ni mtu wetu, atakuwa akiniomba tu."

"Mama, wewe unasemaje?" afisa akamgeukia mama mdogo. "Kwani huwezi kupanda mwenyewe?"

"Madam, usimsukume," chifu akasema polepole. "Mama hapandi mti kwa boma. Hiyo ni mambo ya hapa."

Afisa wa maji akamtazama afisa wa misitu, naye akatazama karatasi zake. Niliona wazi kwamba kanuni waliyoitunga kumlinda ndiyo ilikuwa ikimtoa.

Mama mdogo akainua kichwa.

"Hiyo miche mmeleta ni ya nini?"

"Nusu ni miti ya asili, mama," afisa wa misitu akajibu. "Nusu ni mianzi. Imetoka kwa kitalu chetu Kitale."

"Na mwanzi ni mti?"

"Kusema ukweli, mama, hapana. Mwanzi ni jamii ya nyasi. Ni ndugu wa mahindi."

Watu wakacheka.

"Nyasi gani hiyo inajenga nyumba?" shemeji akafoka.

"Shemeji," mama mdogo akasema, bila kupandisha sauti, "nyasi ndio napanda huko chini miaka yote, na unaniona. Umewahi kunikataza?"

"Jibu, bana," chifu akasema. "Umewahi?"

"Nyasi sijakataza. Lakini hiyo kitu..."

"Imetosha. Mtaalamu amesema ni nyasi." Chifu akanigeukia. "Mwandishi, umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Afisa wa maji akasoma tena kanuni yake, akasema haikutaja neno mti popote, inasema miche tu. Ofisi ya misitu ikakubali. Alasiri hiyo mama mdogo alishuka na mianzi peke yake, miti ya asili akaiacha kwenye gari, akachimba mashimo akiwa amepiga magoti. Shemeji alisimama juu ya kilima akitazama hadi shimo la mwisho.

Mvua za kwanza zilibeba michache. Akaomba mingine, akapanda tena. Katika mkutano uliofuata jina lake lilisomwa kutoka daftarini pamoja na ya watunzaji wengine, bila mbwembwe.

Kiangazi kingine kilipofika, nepia ya mashamba ya kule juu ikakauka. Ya ukingoni, kati ya mianzi, ilibaki mbichi. Nilikuwa nimemtembelea mama mdogo asubuhi mke wa shemeji alipokuja na kamba, akaomba mzigo mmoja wa ng'ombe wao.

"Nimekusikia," mama mdogo akasema. "Mwambie mumeo aje mwenyewe."

Alikuja saa sita, panga mkononi, akakohoa mlangoni. Wakashuka pamoja hadi ukingoni, nami nikawafuata. Mama mdogo akamwonyesha pa kuanzia kukata, kisha akatembea hatua kadhaa na kumwonyesha pa kuishia.