Programu ya Beji ya Mama Mghoi

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari, mwanangu, Voi imejaa wazazi wanaotafuta sweta za shule. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, fundi wa kompyuta mwenye maneno mengi kuliko ujuzi. Tajiri wangu, Mzee Mwakio, alinituma kwa Mama Mghoi, mdarizi wa beji za shule, ambaye kompyuta yake ilikuwa inazimika ovyo.

Ilikuwa ya kizamani kweli, zile zenye skrini iliyotokeza kisogo kikubwa nyuma. Lakini ndani yake mlikuwa na programu iliyoongoza mashine ya kudarizi, pamoja na michoro ya beji za shule kuanzia Wusi hadi Salaita. Walioiandika walikuwa wameshaacha kuishughulikia, na kwenye kompyuta mpya ilikataa kabisa kufunguka. Ikipotea, Mama Mghoi hana kazi tena.

Nilipangusa vumbi, nikabadilisha kilichoungua, ikawaka. Kisha nikaona niongeze ufundi: nikachomeka waya wa intaneti, ili walimu wakuu wamtumie michoro moja kwa moja. Mama Mghoi alifurahi hata akanitolea chai na mahamri. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mara Mzee Mwakio akaingia kuangalia kazi. Aliuona ule waya, akauchomoa hata kabla ya kusalimia. Na salamu kwetu, unajua mwenyewe, haziachwi.

"Wewe msichana, ushawahi kufungulia maji shambani huko Njukini?"

"Hapana, mzee."

"Mfereji wa zamani, kingo zimelika, huufungulii maji yote. Utabomoka, na mahindi ya jirani yaende nao. Hii kompyuta iliacha kupata marekebisho ya usalama kitambo. Wezi wanajua nyufa zake zote, na wewe unawafungulia mlango!"

"Basi tuitupe?" nikauliza, nimenuna.

"Nani amesema kutupa? Mfereji ukizeeka tunauhama? Unaacha kamlango kadogo, na unasimama hapo na jembe lako."

Niliona aibu mbele ya Mama Mghoi, na hasira pia, sikudanganyi. Lakini tulifanya kazi pamoja siku ile. Kwanza tulinakili kila kitu. Halafu, kwenye kompyuta mpya aliyoileta Mzee, tukajenga kompyuta nyingine ndani yake, chumba kidogo chenye mfumo ule wa kizamani. Programu ikafunguka, ikidhani iko kwao. Chumba hicho hatukukipa njia ya kwenda kwenye intaneti. Barua pepe za walimu zingefikia kompyuta mpya yenye ulinzi, zikaguliwe, kisha mchoro peke yake uingizwe ndani. Nakala moja ilibaki dukani, nyingine Mzee akaenda nayo nyumbani. Jioni mashine ikanguruma, beji ya kwanza ikatoka, na Mama Mghoi akaipapasa kwa kidole gumba huku akicheka.

Mwanangu, leo funguo za duka lile la Mama Mghoi unazo wewe, na jana nimekusikia ukisema utaifuta programu ile, eti takataka ya kizamani, uanze upya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini pia usiipende hata ukaiacha wazi, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Itenge na mtandao. Aingie anayeihitaji tu, kwa nywila yake mwenyewe, si ile mliyobandika ukutani (nimeiona!). Weka nakala mbali na duka, na mara kwa mara jaribu kuirudisha, kwa sababu nakala usiyoijaribu huijui kama ni nzima. Na programu ya kuirithi itafute sasa hivi, hii ya zamani ingali hai, uihamishie beji moja moja, bila pupa.

Ile beji ya sweta yako ya darasa la kwanza, sweta uliyolala nayo ukakataa kuvuliwa, ilitoka humo. Nilikuwa nimesimama pale mashine ikiidarizi, na nililia kidogo.

Mungu akupe mkono mwepesi na subira ya kutosha. Mlango wako ufunguke kwa wema na ufungwe kwa wabaya, na kila Januari watoto wa watu wapate beji zao.